Mwano Ambao Minza Hakuupiga

Hivi hapa kijijini Mamba hakuna watu wengine wa kuandika? Wamejaa vijana waliofika sekondari, wana simu zinazoandika karibu zenyewe, lakini Dokta Nathanael wa zahanati kaipita milango yao yote kaja kwangu. "Bibi, wewe ulikuwepo. Andika habari za Minza tuzisome kwenye mkutano wa kijiji." Nikamwambia nina mpunga wa kuanika. Akasema nikae niandike, mpunga atauanika yeye. Kauanika, kasahau kufukuza kuku. Kuku wamekula. Sasa mtu akiandika na hasira ya kuku anaandika nini?

Nikakataa. Kesho yake Minza mwenyewe akaja, akavuta kigoda changu bila kukaribishwa, akaniambia, "Andika. Wala usinipake mafuta." Basi simpaki. Anayetaka asome, asiyetaka akalale.

Minza ni Msukuma wa kuja. Alifika huku Mpimbwe akiwa na mtoto mgongoni, anatembea nyuma ya ng'ombe wa mumewe, marehemu Manyanda, malisho ya kwao yalipokwisha. Sisi wenyeji, Wapimbwe, hatukuwapenda, tusidanganyane. Ng'ombe wao walikuwa hawajui mpaka wa shamba. Lakini huyu mwanamke alikuwa na kitu kimoja kilichotufanya tumheshimu mapema, nacho ni sauti.

Wasukuma wana desturi yao wanaiita mwano. Ni yowe, ila si yowe la kulia hovyo, ni la kuita. Mwenye shida anasimama uwanjani kwake, anaweka mkono mdomoni, anapiga. Anayesikia anaacha alichoshika, hata kama ni tonge, anachukua fimbo au panga anatoka, na njiani naye anaupiga ili wa mbele asikie. Asiyetoka ana kesi na sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, na kesi yake ni kutengwa. Hakuna wa kumsalimia wala wa kumpa moto, mpaka atubu mbele ya watu. Siku zilivyokwenda na sisi wenyeji tuliuchukua ukawa wetu. Tembo wakiingia kwenye mpunga, mwano. Moto ukiwaka, mwano. Mtoto akipotea, mwano.

Na wa Minza haukuwa na mfano. Watu walisema sauti yake ina miguu.

Mwaka mmoja maksai wake wa kulimia, anaitwa Mabala kwa sababu ya mabaka yake, alizama kwenye tope la mbuga. Minza alipiga mara moja tu. Kijiji kizima kikaja na kamba. Zablon, kamanda wa sungusungu, mtu mwenye kitambi na maneno, aliingia kwenye tope mpaka kifuani, akamkumbatia Mabala shingoni kama anamlaki shemeji.

Theopista, Mpimbwe mwenzangu, jirani yake Minza wa ua kwa ua, alikuwa kasimama ukingoni na rozari yake shingoni, anacheka.

"Nyie Wasukuma bwana! Ng'ombe akiumwa mnakesha, mtu akiumwa mnampa mizizi mnakwenda zenu!"

"Na nyie mngejuaje?" Minza akamjibu. "Mifugo yenu ni kuku na panya."

Watu wakacheka, Mabala akatoka, tukarudi makwetu. Yalikuwa maneno ya utani tu. Lakini Minza anasema siku hizi yale maneno ya Theopista yanamjia kila asubuhi anapopuliza moto. Ng'ombe akiumwa mnakesha.

Kitindamimba wake aliitwa Luhende. Kijana mcheshi, mwenye mikono. Radio ikikataa kuongea unampelekea yeye. Ndama walimfuata kwa mluzi. Alikwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda, na huko kifusi kikamwangukia mgongoni. Hakufa, ila mgongo haukurudi kama ulivyokuwa. Wenzake machimboni wakampa vidonge vya maumivu, vile vikali vinavyoitwa tramadoli, ambavyo vinatakiwa vitolewe kwa cheti cha daktari. Huko vinauzwa kama pipi. Mwanzo alimeza kwa ajili ya mgongo. Baadaye asipomeza, mwili mzima unamuuma, anatokwa na jasho, anaharisha, hapati usingizi. Ikawa sasa anameza ili awe mtu kama watu wengine.

Alirudi nyumbani amekonda, anajikuna. Anasinzia na kijiko mkononi. Watoto wa shule na vijana wakipita wanaimba, "Teja! Teja!" Minza anawarushia mabua, halafu anaingia ndani kumtukana mtoto wake kwa jina lile lile. Hilo aliniambia niliandike.

Siku moja Luhende alimfuata mama yake zizini anakokamua.

"Mayu, nataka kwenda kumwona Dokta. Nataka kuacha hivi vitu. Nisindikize."

"Nikusindikize nikaseme nini? Kwamba mtoto wa Manyanda ni teja?"

"Useme naumwa."

"Huumwi. Ni kichwa chako. Mimi niliacha ugoro siku moja, nikautupa mtoni, ukaisha."

"Mayu, hiki si ugoro."

"Subiri mpunga uingie ghalani. Tutaona."

Zahanati iko hapo hapo. Nathanael akipika maharage, harufu inafika kwa Minza. Mpunga ukawa mbali kuliko zahanati.

Na alikuwepo Queen, binti wa Theopista. Naye alikuwa huko machimboni akiuza chakula, na akajifunza vidonge huko huko. Waliporudi wakawa marafiki, wanakaa pamoja chini ya ghala, kwa sababu wengine hawakai nao. Minza akasema Queen ndiye aliyemharibu Luhende. Theopista akasema Luhende ndiye aliyemharibu Queen. Akina mama hao waliokuwa wanaazimana hata chumvi wakabaki kusalimiana kwa kidevu.

Lakini Luhende alijitahidi peke yake. Aliacha. Aliumwa ndani ya nyumba kama anayefukuzwa na pepo, akatoka amebaki macho, kisha taratibu akaanza kula. Akanenepa kidogo. Akaingia shambani kuvuna na wenzake. Minza akaanza kuringa. "Si niliwaambia? Ni kichwa tu." Alikwenda akiyasema hayo mpaka kisimani.

Hapa kuna jambo ambalo hatukulijua, na Nathanael alitueleza tulipokwisha kuzika. Mtu akiacha vile vitu kwa muda, mwili unasahau. Kile kipimo alichokuwa anakimeza zamani akatembea, sasa kinamlaza. Na ukiweka pombe juu, kinamzika. Kwa hiyo siku ya hatari si ile anapomeza kila siku tu. Ni siku anapoteleza baada ya kuacha.

Siku yenyewe ilikuwa ya kupura mpunga. Watu wote wako uwanjani wanapura, jua la mchana, vumbi la makapi. Luhende alikuwa ameinama tangu asubuhi, mgongo ukamshika. Akaaga kwamba anakwenda kupumzika. Minza akamwangalia anavyoondoka anajishika kiuno, akaendelea kupura.

Baadaye alirudi nyumbani kuchukua uji wa wafanyakazi. Akamkuta Queen mlangoni, miguu mitupu.

"Mama Luhende, haamki. Nimemtingisha, haamki. Kameza vidonge, na gongo juu yake. Piga mwano."

Minza akaingia. Luhende alikuwa chali kwenye mkeka, anakoroma. Mkoromo mzito, wa kuvuta na kukwama, kama mtu anayesaga kwa jiwe.

"Huyu si amelala? Mtu anayekoroma yu hai."

"Mwangalie midomo, Mama. Imekuwa ya bluu. Na kucha."

"Wewe ndiye uliyempa!"

"Tulikuwa wote, ndiyo. Utanipiga baadaye. Piga mwano kwanza."

Minza akatoka nje. Akasimama pale anaposimama siku zote. Akaweka mkono mdomoni. Kutoka pale alikuwa anauona uwanja wa kupuria, watu wote wapo, Zablon na kitambi chake, Theopista, katekista, wale vijana waliomwimbia Luhende teja. Akawaona kichwani wanavyokuja mbio na mapanga yao, jasho linawatoka, wanauliza, "Nini, Mama? Fisi? Moto?" Na yeye anawajibu, "Mtoto wangu ni teja."

Akaushusha mkono.

"Andika kwamba mkono ulifika mdomoni," aliniambia juzi. "Watu wasije wakadhani nilisahau. Sikusahau. Ulifika, nikaushusha."

Akamgeukia Queen. "Toka hapa. Na ukimwambia mtu, nitasema wewe ndiye uliyemuua." Yule binti akakimbia, akajificha nyuma ya ghala. Naye alikuwa na vidonge tumboni. Nani angemsikiliza?

Minza akafanya kile tunachokifanya wote mtu akila sumu. Akachemsha maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni, akayapoza, akamlaza Luhende kichwa kwenye paja, akammiminia mdomoni. Mengine yakatoka pembeni. Mengine hayakutoka. Luhende akakohoa kidogo, kikohozi kidogo sana, akarudi kukoroma. Minza akasema moyoni, maziwa yamefika.

Mara akasikia hodi. Ni Theopista, anataka ungo wa kupetea, wake umetoboka.

Minza akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili. "Huo hapo ukutani. Chukua."

"Nani anakoroma namna hiyo? Umefuga kiboko?"

"Luhende. Ana malaria."

"Malaria gani ya kukoroma?"

"Malaria."

Theopista akamwangalia, akachukua ungo, akaenda zake.

Mkoromo ukaanza kupungua. Unakuja, unakaa kimya, unakuja tena, unakaa kimya zaidi. Halafu ukatulia. Na Minza akafurahi. Mtu ambaye hajazaa hawezi kuelewa jinsi hilo linavyomla. Alifurahi. Alikaa pale mlangoni akichambua mawele, akisema afadhali, sasa mtoto amelala vizuri, akiamka atakula.

Kwetu watu wanajua kutofautisha yowe la kuita na yowe la kulia. Lililotufikia uwanjani jioni ile lilikuwa la kulia.

Tulimzika kwa malaria. Ndivyo alivyosema mama yake, ndivyo katekista alivyotamka, na sisi tukaitikia, ingawa wengi tulijua. Nathanael alikuja kaburini, akamshika Minza mkono, akamuuliza polepole, "Mama, mbona hamkuniita?" Minza akaangalia pembeni. Queen alisimama mbali, kwenye mashina ya mpunga, wala hakuna aliyemwambia sogea.

Baada ya hapo sauti ya Minza ilipotea. Si kwamba alikuwa bubu, aliongea. Ila tembo walipoingia mashambani yeye ndiye aliyewaona wa kwanza, akaweka mkono mdomoni, hakikutoka kitu. Akalazimika kukimbia nyumba hadi nyumba akigonga milango kwa jiwe. Watu wakasema ni uzee. Yeye alijua si uzee. Hajawahi kuniambia hivyo, lakini mimi nina macho. Kila mkono ulipopanda ulikumbuka siku uliposhuka.

Na ule ungo ulibaki kwa Theopista. Minza hakuufuata. Alikuwa anapetea sahani.

Mwaka ukazunguka, mpunga ukaiva tena, tukavuna. Sahani haipeti mpunga wa mwaka mzima. Ikabidi ameze kiburi, avuke ua.

"Hodi, Mama Queen."

Theopista akatoka haraka, akasimama mlangoni kwa ubavu. "Karibu. Ungo wako umekuja kuchukua? Huo hapo. Samahani nimekaa nao."

Minza akanyoosha mkono kuupokea. Hapo akausikia ule mkoromo. Unavuta, unakwama. Unavuta, unakwama. Jiwe la kusagia.

"Nani amelala?"

"Queen. Ana malaria."

Minza hakuuchukua ungo. "Nipishe, Theopista."

"Usiingie nyumbani kwangu. Nimesema ana malaria, kaumwa tangu jana."

"Anakoroma."

"Si ndiyo vizuri? Anayekoroma yu hai!"

"Hayo maneno ni yangu," Minza akasema. "Nilimzika nayo mtoto. Nipishe."

Akamsukuma, akaingia. Queen alikuwa chali, kikombe cha maziwa kipo tayari kando ya kichwa chake, mvuke unatoka. Minza akakipiga teke. Akamgeuza yule binti kwa ubavu, akampigia kelele sikioni, akambana kidole, hakuitika. Midomo ilikuwa ya rangi ile ile. Akatoka nje.

Theopista akamdaka mkono ulipokuwa unapanda. "Minza, nakuomba kwa Mungu. Usiniite watu. Utaniua kwa aibu."

"Basi kufa. Mimi nilikufa mwaka jana, mbona natembea?"

Akapiga. Ikatoka sauti ya jogoo mgonjwa. Akapiga tena, ikakwaruza. Kuku wakakimbia, watu uwanjani hawakusikia kitu. Theopista akaanza kulia, na Minza naye analia, ila anapiga, anapiga, mpaka kitu kikapasuka kooni, na mwano ukatoka. Ule wa zamani. Wenye miguu.

Mimi nilikuwa nimeshika ungo wangu, nikautupa. Tulikuja wote.

Zablon kafika kwanza na mkuki wake, anahema. "Tembo wako wapi?"

"Hakuna tembo. Ni Queen. Kazidisha vidonge, pumzi inakata."

Zablon akashusha mkuki, akajifuta uso. "Mama. Mwano ni wa shida. Umetutoa kazini watu wote hawa kwa ajili ya teja?"

"Zablon, ulizama kwenye tope mpaka kifuani kwa ajili ya maksai wangu."

"Maksai ni..."

"Ulimuuliza Mabala nani alimtuma kwenye tope?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Minza hakucheka. Akatugeukia wote, pale pale uwanjani kwa jirani yake, nguo imemlegea, kamasi zinamtoka, yeye Minza ambaye hata msibani kitenge chake hukunjwa sawasawa.

"Luhende hakufa kwa malaria. Alikufa hivi hivi, mchana kama huu, nyie mkiwa pale mnapura. Nilikuwa na nafasi ya kuwaita. Nilimkalia mlangoni ili msimwone. Sasa chagueni. Mnaweza kunicheka, mnaweza kumleta Dokta, ila anzeni na Dokta."

Zablon aligeuka akaondoka, tukadhani amekasirika anarudi shambani. Alikwenda kuwasha pikipiki yake.

Wakati huo Minza alirudi ndani, akakaa chini kando ya Queen, mkono mbele ya pua zake. Kila pumzi ikichelewa anampiga begani na kumwita jina kwa nguvu, "Queen! Vuta! Vuta, mwanangu!" na yule binti anavuta kidogo. Theopista alikuwa amekaa pembeni na rozari, hawezi hata kuisali, anaishika tu. Nathanael akaja nyuma ya Zablon amekumbatia begi lake. Akatoa ule mpira wa kupulizia, akamfunika mdomo na pua, akaanza kumpa pumzi kwa mkono, polepole, kama anayevuvia moto wa mkaa mbichi. Uwanjani kulikuwa na lori la Canter linapakia mpunga. Vijana wale wale waliokuwa wanaimba teja wakashusha magunia bila kuambiwa. Wakampandisha Queen juu, Nathanael anapuliza, Theopista kashika miguu, gari likaenda hospitali.

Kule wana sindano inayorudisha pumzi ya mtu aliyezidisha vidonge vya namna ile. Wakamchoma. Queen alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa tusi, na ni tusi ambalo siwezi kuliandika. Nathanael anasema hajawahi kufurahi kutukanwa namna ile.

Zablon ndiye aliyeleta habari kijijini. "Yu hai!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimtafuta Minza nimpe mkono, sikumwona. Nilimkuta nyuma ya ghala, pale alipojificha Queen mwaka ule, amepiga magoti, anatapika.

"Minza, mtoto amepona!"

"Nimesikia."

"Sasa mbona hivi?"

Akafuta mdomo kwa kiganja. "Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema. "Kumbe ilikuwa inawezekana."

Mimi nilikuwa nimekuja na vigelegele.

Nathanael aliporudi, Minza alimfuata zahanati. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, akasubiri zamu yake, hakutaka kupitishwa mbele. Alipoingia aliuliza swali moja.

"Yale maziwa, Dokta. Ndiyo yaliyomuua?"

Nathanael akaweka kalamu chini. "Mama, siwezi kusema yalimuua. Mtu asiye na fahamu ukimpa kitu mdomoni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Siwezi kusema yalimuua. Yanaweza kuwa hayakumsaidia."

"Umesema vizuri," Minza akamwambia. "Wengine wangenidanganya."

Msidhani hadithi imekuwa tamu sasa. Theopista alikaa muda mrefu bila kumsalimia Minza, hata kwa kidevu. Alisema mtoto wake amepona, ndiyo, lakini kijiji kizima kimeona nyumba yake ilivyo ndani. Ungo aliurudisha kwa kuuegesha uani wakati Minza hayupo. Juzi juzi ndiyo nimewaona wanagombana tena kuhusu kuku, nikamshukuru Mungu.

Queen anapelekwa na Nathanael kwenye matibabu. Anakwenda, anajitahidi, kuna kipindi aliteleza, akarudi tena kwa miguu yake akasema nimeteleza. Nathanael hakumfukuza. Anasema huo ni ugonjwa, na mgonjwa akirudiwa na homa humwambii ana kichwa kibaya.

Siku moja Queen alikuja kwa Minza. Mimi nilikuwepo, tunabangua karanga. Hakukaa.

"Siku ile nilikuambia upige mwano."

"Uliniambia," Minza akasema.

"Wangu uliupiga. Wa Luhende hukuupiga."

"Sikuupiga."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba, mwanangu. Sina uso wa kuomba."

Queen akasimama pale muda mrefu, anauangalia ule mkeka aliofia Luhende. Halafu akakaa chini, akavuta karanga, akaanza kubangua. Tulibangua mpaka sinia likajaa.

Sasa kesi iliyobaki ni ya kijiji. Zablon, ndiyo, huyo huyo wa kitambi, kaleta neno kwenye sungusungu kwamba mtu aliyezidisha vidonge, unga au pombe awe na haki ya mwano kama moto na tembo, na asiyetoka atengwe. Wazee wengine wamekataa. Wanasema mwano utakuwa rahisi, utapigwa kwa kila mlevi, mwisho watu wataacha kutoka. Wamesema litaamuliwa kwenye mkutano. Ndiyo maana Nathanael kanisumbua na kuku wangu wakashiba.

Minza anasema akishindwa mkutanoni ataendelea kuupiga hivyo hivyo, wamtenge. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Yeye kilio kilishamuumbua, hana tena cha kuficha. Ila asubuhi anapopuliza moto bado namsikia kupitia ua, anaongea peke yake kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma sikijui sana. Jina la Luhende nalijua.

Basi nimeandika, mkono unaniuma. Sasa na wewe unayesoma unanidai nini? Mimi ndiye ninayekudai. Mkutano ukiitwa, unyooshe mkono juu, wala usiunyooshe nusu. Na kabla ya mkutano, leo, jua halijazama, kuna nyumba unaijua. Usijifanye huijui. Mlango wake unafungwa mchana, na ukiuliza unaambiwa malaria. Nenda ukabishe hodi. Usiulize kameza nini, usiulize nani kampa. Uliza anapumuaje. Ukisikia jiwe la kusagia na haamki ukimwita, mgeuze kwa ubavu, mwaga hayo maziwa, toka nje, weka mkono mdomoni. Halafu uje uniambie kwamba umekwenda. Ninakusubiri hapa uani, ninachambua mpunga walioubakiza kuku.